Kilomita za Kushuka Hazihesabiki

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi tunakwenda Kinyinya kumposea mjukuu wangu Ntare. Jembe la posa nitalibeba mimi, na jembe lisipofika, bibi harusi hatoki chumbani. Gari lisinichezee. Mwanangu Zephaniah, ndiye dereva, amenipeleka kwa fundi Ilyasi hapa Kagarama. Ilyasi kafungua boneti, kasoma kilomita, kakunja uso. Eti mkanda wa taimingi umepita muda wake, ukikatika injini itajitafuna ndani kwa ndani. Nikamwuliza kama umekatika. Akasema bado. Basi, nikamwambia, mbona unauzika ungali hai.

Jumanne, 5 Agosti
Jirani yangu Nyiransabimana kaja kunywa chai yangu na kunitangazia kwamba mkanda wake aliubadilisha kilomita zilipotimia, hata ufa haukuwa nao. Mwanamke anatupa kitu kizima halafu anajisifu. Nikamwongezea sukari, maskini.

Jumatano, 6 Agosti
Akili imenijia nikichambua maharage. Shule sikuiona, ila kugawa najua. Kigali ni kupanda na kushuka. Kupanda, mkanda unafanya kazi. Kushuka, gari linajiendea, mkanda umepumzika kama mimi baada ya misa. Kwa hiyo wetu umefika nusu ya umri tu. Nimemweleza Nyiransabimana juu ya ua. Nimempigia simu na Ilyasi.  Akasema, mukecuru, bibi yangu, injini ikizunguka mkanda unazunguka, na mpira unazeeka hata gari likilala. Nikamjibu kwamba hata mimi nimezeeka na sijakatika.

Jumamosi, 9 Agosti
Kushuka kote tulikwenda vizuri. Mlima wa Kinyinya, injini ikanyamaza. Hakuna kishindo, hakuna moshi. Zephaniah akiwasha, inazunguka bure. Ntare na wazee walishatangulia. Nikabaki kando ya barabara na jembe langu, vazi langu la mushanana lote vumbi la wajenzi wa barabara. Ilyasi kwenye simu: mkanda umekatika, valvu zimepinda, injini yote itafunguliwa. Hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Nyuma yetu akatokea Nyiransabimana, naye mwalikwa. Akashusha kioo polepole. Eti Mama Zephaniah, leo umepumzika mkanda tu au gari zima? Nikapanda gari lake, jembe mapajani, ncha ikielekea shingo yake.

Tulifika wakwe wameanza kututania kwa kuchelewa. Nikalikabidhi jembe. Bibi harusi wetu Kaliza akatoka, mzuri kama asubuhi. Nililia. Nyiransabimana akalia kunishinda, nikampa kitambaa changu.

Alhamisi, 21 Agosti
Gari limerudi, valvu mpya, mkanda mpya. Ilyasi kabandika karatasi kwenye injini: kilomita za kubadilisha tena. Kasema ningemsikia, angegusa mkanda tu. Nimemwelewa vizuri sana. Mkanda ulikatikia wapi? Mlimani. Si nilisema? Karatasi nimeibandua. Zephaniah kaambiwa atafute njia za kushuka tu, hata za kwenda Gisimenti kule juu. Mkanda huu ataurithi Ntare.

Nimekwenda kumweleza Nyiransabimana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniongezea sukari.