Kamati ya Uaminifu wa Nyaya

Kwa niaba ya Serikali ya Wilaya ya Karangwuni, katikati ya kisiwa cha Java, nina fahari kuutangazia umma kwamba wilaya yetu ndiyo pekee nchini yenye waifai isiyokufa. Ndivyo linavyosema bango lililo mbele ya ofisi. Bango hilo nimeliandika mimi, Pak Sugondo, yaani Bwana Sugondo, mwenyekiti wa Kamati ya Uaminifu wa Nyaya, kwa hiyo ni kweli.

Wenye husuda watauliza waya unahitaji uaminifu wa nini. Hao hawaijui ofisi yetu. Upande wa magharibi anakaa Mkuu wa Wilaya, Pak Wiryatmo. Upande wa mashariki, ng'ambo ya uani, anakaa naibu wake, Bu Kustiyah, yaani Mama Kustiyah. Walichaguliwa pamoja kwa picha moja na tabasamu moja, na hawajasemezana tangu sherehe ya kuapishwa. Siku hiyo Mkuu alikata kilele cha mlima wa wali wa manjano, na badala ya kumkabidhi naibu wake mbele ya wageni kama heshima inavyotaka, akampa mkewe. Wali uliliwa ukaisha, kinyongo kikabaki. Mafahali wawili hawakai zizi moja, basi serikali ikatenga mazizi mawili. Kila upande una dereva wake, mpika chai wake, na batiki ya rangi yake.

Kisha Mkuu akautamani ugavana. Chama kilikuwa kinatafuta mgombea, na Waziri ndiye aliyepewa kazi ya kupima watu. Alipanga kuzungumza na wilaya yetu kwenye skrini, moja kwa moja, huku vigogo wa chama wakitazama.

"Sugondo," Mkuu aliniambia, "nikikatika hewani siku hiyo, mimi na ugavana basi. Na wewe na kiti hicho basi."

Tukamwita fundi wa mitandao, Ayuning, binti aliyesomea mjini Bandung na mwenye ulimi mkali kuliko pilipili ya mama mkwe.

"Ni kazi rahisi, Pak," alisema. "Mna vidhibiti viwili vya waifai, kimoja kila upande. Mna swichi kuu mbili za kupitishia mtandao, moja kila upande. Kila kidhibiti tunakipa nyaya mbili. Mmoja unaingia swichi ya hapo hapo, mwingine unavuka uani kwenda swichi ya wenzenu. Swichi moja ikifa, hata hamjui. Mnaendelea kutazama video zenu."

"Tunatazama mafunzo," nilimsahihisha.

Nilipolifikisha pendekezo kwa Mkuu, aliacha kutafuna tempe yake ya soya.

"Waya wangu uvuke uani, ukaingie kwa yule mama?"

"Ni wa akiba tu, Pak."

"Akiba! Leo waya, kesho dereva, keshokutwa watu waseme nimekwenda kumpigia magoti."

Kwa kuzingatia usawa, nilivuka nikamuuliza na Bu Kustiyah. Yeye hakuinua hata macho. "Sipokei mgeni asiyebisha hodi," alisema. "Na wangu hauendi kwake hata kwa kuburutwa."

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikatoa azimio ambalo mpaka leo nalionea fahari. Tukizingatia umuhimu wa akiba, na tukizingatia heshima ya pande zote, kila kidhibiti kipewe nyaya mbili kama mtaalamu alivyoshauri, na nyaya zote mbili ziingie swichi ya upande wake kama adabu inavyotaka.

Ayuning alicheka mpaka akakaa chini. "Pak, mbuzi mmemfunga kamba mbili kwenye kigingi kimoja. Kigingi kiking'oka?"

"Kigingi hicho ni cha serikali, mwanangu. Hakiwezi kung'oka bila kibali."

"Haya. Wenye serikali ni nyinyi."

Kwenye ripoti nikaandika kwamba akiba imefikia asilimia mia mbili. Mkuu aliisoma mara mbili, akanipiga bega.

Siku ilipofika, Mkuu alikaa mbele ya kamera ukumbini kwetu, kofia nyeusi kichwani, maofisa wote nyuma yake. Bu Kustiyah alikaa ofisini kwake na kamera yake, maana itifaki ilishindwa kupata kochi la kuwatosha wote wawili. Kwenye skrini walionekana bega kwa bega, kila mtu na kisanduku chake. Ukitazama kwa mbali ungedhani wanapendana.

"Mheshimiwa Waziri," Mkuu alinguruma, "mtandao wetu haufi! Karangwuni kila kitu kina akiba. Kimoja kikianguka, kingine kinashika!"

"Wilaya ngapi zimenidanganya hivyo," Waziri alisema, akaegemea mbele. "Hebu zima swichi kuu moja, tuone."

"Zima, Sugondo," Mkuu akaagiza, tabasamu usoni.

Nikamwinamia sikioni. "Pak, tuzime ya mashariki."

Waziri alikuwa na masikio mazuri. "Ya mashariki ya nini? Zima hiyo hiyo yako, Mkuu. Tuone unavyobaki nasi."

"Pak, kuna kajambo kadogo ka kiufundi..."

"Asilimia mia mbili, umeandika mwenyewe! Zima!"

Ayuning alinitazama. Mimi nikatazama dari. Akazima.

Skrini yetu ikawa nyeusi, na waifai ikapotea kwenye simu zote ukumbini kwa pamoja. Niliogopa, sitaficha. Nilikimbia kuvuka uani, nikapenya kwa mlango wa nyuma mpaka kwa Bu Kustiyah, ambako mambo yalikuwa yanaendelea vizuri. Kwenye skrini yake Mkuu alikuwa ameganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, kama mtu anayesubiri kupiga chafya.

"Mkuu? Unatusikia?" Waziri aliita. Vigogo walikuwa wameanza kucheka.

Bu Kustiyah akaweka ushungi wake sawa. "Mheshimiwa, tunakusikia vizuri sana. Mkuu amejitolea kuzimika ili uone mfano. Hii ndiyo akiba yenyewe. Mkuu akizimika, naibu anaendelea na kazi."

Waziri alipiga meza. "Mwaka mzima watu wananiletea michoro! Huyu mama amenielewesha kwa sentensi moja!"

Akamuuliza habari za mifereji ya mpunga, akajibu. Akamuuliza barabara, akajibu. Wakati huo Mkuu naye alikuwa amefika mbio, kofia upande, na mlinzi wa mashariki akamzuia mlangoni kwa adabu zote. "Samahani, Pak, kuna kikao." Mkuu akazunguka dirishani, akaanza kuipungia kamera mikono miwili.

"Nani yule anayepunga?" Waziri aliuliza.

Bu Kustiyah aligeuka, akatazama, akamgeukia tena. "Ni wenzetu wa upande wa pili, Mheshimiwa. Mtandao wao umekatika. Tutawasaidia."

Wiki haikuisha, chama kilimtangaza Bu Kustiyah kuwa mgombea wa ugavana. Amri yake ya kwanza ilikuwa nyaya zivuke uani, kwenda na kurudi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza kwa adabu ya nani. Mimi niliteuliwa kuongoza Kamati ya Umoja wa Nyaya, jambo ambalo nimeliamini tangu utotoni.

Njia fupi kuliko zote ilipita katika ofisi ya Mkuu. Ayuning alitoboa ukuta, akaingia akitambaa na waya mpaka chini ya meza kubwa ambako Mkuu alikuwa amekaa akisoma gazeti, au akilishika tu.

"Inua miguu kidogo, Pak," alisema kutoka chini. "Waya wa Bu Kustiyah upite."

Mkuu alishusha gazeti akanitazama, akingoja nimtetee. Nilikuwa nimeshika tochi, namulika.

"Inua, Pak," nikamwambia.

Akainua.