Kamati ya Kinyunyizio Namba Tatu

Wananchi wa Ifakara walitangaziwa kwa kipaza sauti, gari likizunguka kutoka sokoni hadi stendi, kwamba zama za kumwagilia nyasi kwa ndoo zimekwisha. Idara ya Nyasi, Mandhari na Unyevu ilikuwa imefunga vinyunyizio nane vya kisasa katika bustani ya nyumba ya mkuu wake. Wananchi waliombwa kupokea habari hizo kwa utulivu. Walizipokea kwa utulivu mkubwa, maana wengi walikuwa shambani.

Mkuu mwenyewe aliitwa Bwana Theodori. Niseme ukweli, hakuwa mkuu, alikuwa Kaimu Mkuu, na ukaimu wake ulikuwa umetimiza miaka minne. Alikuwa mtoto wa mjini, kazaliwa Dar es Salaam, kakulia ghorofani. Mpunga aliufahamu ukiwa umeshakuwa pilau. Alichokitaka duniani ni kimoja tu: barua ya kuthibitishwa. Kwa ajili ya barua hiyo aliweza hata kuwasalimia watu asiowapenda.

Vinyunyizio vilifanya kazi siku tisa, zikiwemo nne za mvua ya kutisha, kwa kuwa ratiba haikuwa na kipengele cha mvua. Siku ya kumi namba tatu kikakataa kuchomoza ardhini. Namba tano kikageuka, kikawa kinamwogesha mlinzi getini. Vingine vikatema mate mara mbili tatu, vikanyamaza. Upande wa juu wa bustani nyasi ziligeuka rangi ya chapati. Upande wa chini maji yakatuama, na vyura wakahamia bila kujiandikisha.

Akaitwa Sada, fundi bomba wa mtaa uleule, mwanamke mwepesi wa mikono na wa mdomo. Alifungua chujio, akamwaga mchanga wa kujaa kiganja.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Toa taarifa, kwa ufupi."

"Maji ya kisima chako yana mchanga, umeziba vitundu. Namba tatu mpira wake umekwisha. Namba tano kimelegea, kinatazama kinakotaka. Na kubwa kuliko yote, bomba limepasuka pale chini, ndiyo maana presha haifiki huku juu. Nichimbe futi mbili, nikate palipopasuka, nitie soketi na gundi. Adhuhuri hainikuti hapa."

Theodori alihuzunika. Tatizo linalokwisha kabla ya adhuhuri halina hadhi ya Idara.

"Kuchimba nyasi za serikali kunahitaji kibali, dada yangu."

"Kibali anatoa nani?"

"Mimi."

"Si utoe basi!"

"Siwezi kukitoa kabla Kamati haijanishauri."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kinyunyizio Namba Tatu, yenye wajumbe kumi na mmoja na chai. Kikao cha kwanza kilijadili kama kinyunyizio kisichochomoza kihesabiwe kimeharibika au kiko likizo. Kikao cha pili kiliahirishwa baada ya mjumbe mmoja kuteleza kwenye tope lililokuwa likijadiliwa.

Kabla ya kikao cha tatu ikaja barua kutoka makao makuu. Mkaguzi Mkuu, Bi Aurelia, angefika baada ya mwezi mmoja kuitazama bustani, na hapohapo angeamua kuhusu kuthibitishwa kwa Kaimu. Theodori akamwita Odilia, mtunza bustani, mama kutoka kijiji cha Mofu aliyekuwa akifanya kibarua pale mwaka wa pili sasa.

"Mama Odilia, una mwezi mmoja. Nataka bustani yote iwe kijani."

"Huku juu nyasi zimeshakufa, mkuu. Huku chini zinaoza kwa maji."

"Matatizo ninayo ya kutosha. Nataka kijani."

"Kijani chochote?"

"Kijani ni kijani, mama! Ukishindwa, kibarua chako kimeota nyasi." Halafu akashusha sauti. "Na changu pia."

Odilia aliyatazama yale maji. Mtu wa Mofu akiona maji yametuama juu ya udongo mweusi, mikono huanza kumwasha. Kesho yake alifika na shoga zake sita, majembe, na mafurushi ya miche kutoka kwenye kitalu chake. Wakateremsha upande wa juu ukalingana na wa chini, wakainua kingo, wakagawa majaruba manne, na maji ya lile bomba lililopasuka yakatambaa hadi kila kona. Halafu wakainama, wakapandikiza huku wakiimba. Theodori aliwatazama kutoka barazani. Kuchimba kungehitaji kibali, lakini wao, kwa maelezo ya Odilia, walikuwa wanasawazisha. Akaandika kwenye daftari: "Ushirikishwaji wa jamii."

Wiki ya tatu bustani ilikuwa kijani cha kuumiza macho. Theodori nusura alie kwa furaha.

"Hizi nyasi za aina gani, mama?"

"Saro, mkuu," alijibu Odilia, na hakudanganya hata kidogo.

Ripoti ikaandikwa usiku na mchana: *Nyasi aina ya Saro, zilizobuniwa na kupandwa na Kaimu Mkuu kwa mikono yake mwenyewe.* Wajumbe wote kumi na mmoja walikuwa wazaliwa wa bonde la Kilombero. Wali wamekula tangu wakinyonya, na Saro ni mbegu ya mpunga waliyoijua hata gizani. Waliisoma ripoti, wakatazamana, wakaipitisha kwa kauli moja, maana nani amfunge paka kengele? Sada alipokuja na soketi yake mkononi, Kamati ilimzuia getini. Bomba lililopasuka sasa liliitwa Mfumo Asilia wa Umwagiliaji, na kulirekebisha kulikuwa kosa.

"Makubwa!" alisema Sada. "Ndiyo kwanza nione ugonjwa unawekewa mlinzi."

Siku ikafika. Bi Aurelia alishuka kwenye gari, mama mzito wa mwili na wa maneno. Kitu ambacho Theodori hakukijua ni kwamba baba wa mama huyo alikuwa mkulima wa Mlimba na alimsomesha kwa magunia ya mpunga. Mkaguzi alisimama ukingoni mwa jaruba.

"Bwana Theodori, hizi umepanda wewe?"

"Kwa mikono yangu, mheshimiwa."

"Hongera. Barua ya kuthibitishwa ninayo kwenye mkoba, imebaki jina tu. Miche naona imesalia pale pembeni. Hebu vua viatu uingie, nami nijifunze."

Theodori alitazama huku na huku. Kamati ilikuwa inatazama mawingu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Tope likamshika magotini. Akachukua mche, akaupandikiza kwa heshima zote, majani chini, mizizi juu.

Mlinzi alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Bi Aurelia hakucheka. Alimgeukia Odilia, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Mama, onesha."

Odilia aliingia, akainama, na kabla Theodori hajauchomoa mguu wa kwanza, mstari mzima ulikuwa umesimama. Bi Aurelia akatoa kalamu, akajaza jina la Odilia, akampa yeye barua.

"Ripoti imesema bustani ni kazi ya aliyepanda," alisema. "Mimi sipingani na ripoti."

"Na mimi je, mheshimiwa?" aliuliza Theodori, bado yumo topeni.

"Mpunga huu utachanua, kwelea watakuja. Nafasi ya kuamia ndege wasiule iko wazi. Utaanza kwa kukaimu."

Kwelea walikuja kweli, wengi kama mvua. Kaimu Mwamia Ndege alikuwa amejiandaa vizuri. Alisimika ubao katikati ya jaruba, wenye muhuri na aya tatu, akiwataka ndege wote waondoke katika eneo hilo ndani ya siku saba. Ndege wakatua juu ya ubao, wakajaa hadi maandishi hayakuonekana.

Mkuu wa Idara akatoka barazani na kikombe chake cha chai.

"Ndege hawasomi, baba," alisema Odilia. "Piga kelele."