Kamera ya Mwalimu Sumari

Jumatatu, 7 Julai
Nimeshuka mjini kuangalia kamera. Kuangalia tu! Muuzaji wa duka karibu na Mnara wa Saa akaniuliza nataka kupiga picha za nini. Nikajibu: za kila kitu. Akasema anayeanza achukue ndogo, hata iliyotumika, imkae mkononi, ajifunze mwanga kwanza. Nikamwonyesha ile kubwa yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Akacheka, akafunga kabati kwa ufunguo. Sikupenda.

Naitamani kamera mpaka nalala nimekunja vidole kana kwamba nimeishika. Nani ataupiga picha mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika? Nani atampiga Violet wa kwaya akicheka? Brayson? Ana simu yenye macho matatu, basi anajiita mpiga picha.

Jumatano, 9 Julai
Mungu si Athumani! Mwalimu Sumari, mstaafu, ametoa kamera yake iwe sadaka ya mavuno. Jumapili itanadiwa nje ya kanisa pamoja na kuku na ndizi. Ya dijitali, ndogo, inakaa mkononi. Mimi siku zote nasema anayeanza achukue ndogo.

Mpango: nimemnong'oneza Mama Evelyn, kwa siri kubwa, kwamba kamera ile imekufa. Siri ya Mama Evelyn hailali hapa kijijini Akheri. Jioni iko Tengeru.

Ijumaa, 11 Julai
Siri imerudi nyumbani. Mama kaniambia nisihangaike na kamera ya Mwalimu, haiwaki, hata chaji haiingii. Hilo la chaji limeongezwa njiani.

Nimempita Mwalimu Sumari akitembea kichwa chini. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia moja.

Jumapili, 13 Julai
Nimeinunua! Hakuna aliyeshindana nami. Bei ya kuku mgonjwa wa kideri! Nikaiwasha hapo hapo. Violet alikuwa anacheka na wenzake, skafu ya kwaya imemteleza begani. Nikapiga. Flashi ikamulika uwanja mzima, watu wakageuka. Yeye peke yake hakugeuka. Picha nzuri ajabu. Nimeitazama mpaka nikasahau njaa.

Mara Brayson akanunua kuku, akatangaza anamrudisha, anadiwe tena kwa kazi ya Bwana. Vigelegele! Violet akapiga makofi. Nikawaza haraka: watu wote wanajua kamera imekufa. Nikiirudisha nitainunua tena kwa bei ile ile, na vigelegele juu. Nikasimama nikasema, "Na mimi nairudisha. Inadiwe tena."

Nilisahau flashi, wote waliiona. Mikono ikanyooka kila upande. Brayson akaichukua, picha ya Violet ikiwa ndani. Mwalimu Sumari alikuwa anatabasamu. Kumbe kamera yake haijafa.

Jumanne, 15 Julai
Violet kanisimamisha njiani. Moyo wangu! Akanionyesha picha kwenye simu yake: yeye, anacheka, skafu imeteleza. Katumiwa na Brayson. Akasema hajawahi kupigwa picha akaipenda, na Brayson ana jicho. Nikakubali, ana jicho. Ningesema ni mimi, tungefika kwenye habari ya nani alisema kamera imekufa.

Jioni mlima ulifunuka wote. Nikauweka katikati ya vidole vyangu, nikabonyeza hewa. Inauma.

Ijumaa, 18 Julai
Kumbe Mama aliniona nikipiga picha kwa vidole. Leo kanipa jogoo wake mwekundu, kesho nimpeleke soko la Tengeru, uwe mwanzo wa kununua kamera. Akasema, "Nataka picha moja tu. Mimi na mlima, kabla macho hayajaniishia."

Nimelia kidogo. Ndogo, iliyotumika, inatosha. Sitaki tena mashindano na mtu.

Ila nimesikia Jumapili hii Brayson anatoa mbuzi. Mbuzi! Nimewaza: jogoo akinadiwa kanisani, nitamnunua mwenyewe, halafu nitasimama na kumrudisha. Safari hii Violet atageuka.

Tengeru kuna soko hata Jumatano. Jogoo nitampeleka Jumatano.