Simba-Tai Mwenye Uso wa Kuku

Jumatatu, 3 Novemba
Glenys wa jirani kaniambia hapo uani kwamba anafikiria kuuza nyumba ahamie kwa dada yake, Perth. Perth! Ng'ambo ya bara zima! Nikamwambia hewa ya huko kavu. Kisha nikaingia ndani nikaipiga meza ngumi.
Mkakati: maonyesho ya wilaya, shindano la michoro ya penseli za rangi. Ameshinda miaka sita mfululizo. Nikimbwaga, hahami. Mwanamke yule haondoki ameshindwa. Nitachora simba-tai: kichwa na mabawa ya tai, mwili wa simba.

Jumatano, 5 Novemba
Saa nne nzima nimekaa malishoni na darubini. Tai mmoja tu, mbali kama nukta! Wasomi wanaohubiri kwamba msanii afuate maumbile hawajawahi kukalia mavi ya kondoo. Mwili wa simba nimeutoa kwa paka wangu. Ndege wa karibu ni Doreen, kuku wa Glenys. Mdomo anao. Kiburi anacho.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemvuta Doreen kwa jibini, akapenya ua. Katulia mezani kama malkia. Niko kwenye jicho la kushoto, Glenys akachungulia, akauliza kuku wake anafanya nini juu ya meza yangu. Nikasema kaja mwenyewe.
"Na jibini kaja nayo?"
Alicheka mpaka akashikilia ua. Akienda Perth, nani atanicheka hivyo?

Jumamosi, 15 Novemba
Glenys wa kwanza, kwa mchoro wake wa kasuku. Mimi cheti cha kifuta jasho, kimeandikwa: "Kuku mwenye hisia." KUKU! Nilimweleza jaji kiwango cha ujinga wake. Akaniomba nishuke kwenye kiti.
Glenys alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu. "Clive, huyu Doreen wangu. Jicho lake kabisa. Wewe umemtazama lini hivi?" Nimekwisha, nikawaza. Kashinda, ataondoka na raha zake.

Jumapili, 16 Novemba
Kaja na keki ya tufaha. Anaiomba picha, aitundike jikoni. Jikoni kwa dada? Hapana, hapa hapa. Ameshamwambia dada asimngoje. Akauliza kwa nini sikumwomba tu abaki, na kila siku tunaonana. Nikamjibu kwamba swali hilo halihusiani na sanaa. Akanikatia kipande kingine.
Ni wazi: kipaji changu kimemtisha. Barua ya kumshtaki jaji iko tayari, kurasa nne. Mwakani nachora joka. Bata wake ana shingo nzuri sana.