Kapera wa Watoto Wanne

Redio ya Fundi Simu haikuwa imemaliza habari Spana alipopiga benchi kwa kiganja, kahawa yangu ikamwagika.

"Uongo mtupu! Wao wapunguze kodi? Hao wanaotamani kutukata hadi jasho?"

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kuanzia mwezi ujao, mzazi mwenye watoto wanaomtegemea angepata nafuu kubwa zaidi ya kodi inayokatwa kwenye mshahara, mradi fomu yake ya wategemezi iwe sahihi kazini kwake kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tulikuwa watano nje ya kibanda cha Fundi. Fundi alikuwa na simu ya mtu magotini, imefumuliwa matumbo. Spana, mwendesha mashine wa kiwanda cha magodoro, ana sauti ya kushindana na mashine yake. Jirani yake wa mashine ni Bwana Harusi, tuliyempa jina hilo kwa sababu huu ni mwaka wa kumi anatangaza harusi na bibi harusi hajapatikana. Nukta anajazia watu fomu kwa malipo, na humdharau kila asiyesoma maandishi madogo. Wa tano mimi, na kikombe changu kitupu.

"Wewe una watoto wanne," Nukta alimwambia Spana. "Ungekuwa unacheka saa hizi."

"Nicheke nini? Nafuu hiyo wanaisema kila mwaka, sijawahi kuiona hata kivuli."

"Lete karatasi yako ya mshahara. Bwana Harusi, na yako."

Akaziweka pamoja mapajani, akavaa miwani, akavua.

"Mshahara sawa. Kodi sawa. Hadi senti ya mwisho."

"Si ndiyo usawa huo?" Spana alijibu.

"Usawa wa wapi, we bwege? Huyu hana mtoto hata wa kusingiziwa! Fomu ya wategemezi uliandika nini?"

Spana alijikuna shingo. "Sifuri."

Bisibisi ilimponyoka Fundi. "Sifuri? Na wale pacha waliovunja kioo changu ni wa nani?"

"Ninyi mnajifanya wajanja! Ofisi ya kodi inakuuliza una watoto wangapi, utaje? Nilijua wanahesabu vichwa ili watoze kila kichwa. Nikasema hapa hamnipati. Watoto, hakuna. Ndoa, sijaoa."

"Lini hiyo?"

"Mwaka wa sita huu."

Bwana Harusi alisimama, akampa mkono kwa heshima zote. "Karibu chamani, kapera mwenzangu."

"Sikiliza, mjanja," Nukta alisema, kila neno akilitema. "Mwajiri anakata kodi kabla hujaushika mshahara, na hakati kwa kukutazama usoni. Anakata kwa ulichomwandikia. Ukitaja watoto, makato yanapungua, maana inajulikana una vinywa vya kulisha. Usipotaja, unanyolewa kama huyu mwenye kulisha tumbo lake peke yake. Umewaficha watoto wako wasipate faida!"

"Basi jaza! Fomu si unazo? Kesho naipeleka."

Nukta alichomoa fomu kwenye mkoba, akaandika mistari mitatu, kalamu ikasimama.

"Hapa chini anatia saini mkeo. Anathibitisha kwamba watoto hawamo kwenye fomu yake, maana mtoto mmoja haandikwi kwa wazazi wawili. Na hapa juu, aina ya marekebisho: kutoka hajaoa kuwa ameoa."

Ile sauti ya Spana ya kushindana na mashine ilizimika. "Mama Pacha aione hiyo? Ataniuliza miaka sita nilikuwa kapera wa nani!"

"Mwambie karani alikosea," Fundi alishauri.

"Mwandiko ni wangu!"

"Mwambie ulikuwa unamtunza kama siri," Bwana Harusi alisema, akapigwa kofi.

Hapo ndipo Mama Pacha alipotokea, akitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali, aproni kwapani.

"Shemeji zangu, hamjambo?"

"Hatujambo, shemeji," tulijibu kwa pamoja kama watoto waliokutwa jikoni.

Aliiona fomu, akaichukua, akaisoma taratibu hadi chini. Spana alikuwa amefumba macho.

"Sitii saini," Mama Pacha alisema.

"Mke wangu, nisikilize kwanza..."

"Watoto wako kwenye fomu yangu, wote wanne. Ulipokatwa kidole na mashine nilikuja ofisini kwenu kukuchukua. Nikasema mimi ni mkewe. Karani akafungua faili, akacheka: mama, huyu hana mke. Kesho yake nikajaza fomu kazini kwetu. Mwaka wa nne sasa. Kila muhula viatu vya shule vinapatikana, na hujawahi kuuliza vinatoka wapi."

"Na pale pa mume, shemeji?" Nukta aliuliza. Kazi ni kazi.

"Nilijaza kama yeye alivyojaza."

Akamtia mumewe fomu mfukoni, akampa aproni aibebe, akaondoka. Spana alimfuata hatua tatu nyuma.

Bwana Harusi aliwatazama mpaka wakakaribia kona, kisha akamsogelea Nukta.

"Kwa hiyo kwenye makaratasi, yule mama hajaolewa?"

Fundi alizima redio. Tulitawanyika kabla Spana hajageuka.