Eksirei ya Ukuta wa Theopista

Mwaka ule wa wahujumu uchumi, Kariakoo ililala jicho moja wazi. Walioficha bidhaa walikamatwa, na walioficha zaidi walipanda jukwaani kuwalaani. Katika hofu tamu kama hiyo, Zahoro aliiona riziki yake.

Aliokota picha ya eksirei kwenye jalala la hospitali, akaazima koti jeupe kwa kinyozi, akaifunga nyaya redio iliyokufa zamani iwe mashine yake. Mtaalamu akazaliwa bila kukisumbua chuo chochote.

Alianzia kwa Theopista, mjane wa Kichaga mwenye duka karibu na soko. Akamweleza kwamba serikali imeleta mashine inayopenya ukuta, akainua picha kwenye mwanga wa mlango.

"Hili ni duka la jirani yako, mama. Hizi shelfu. Hiki cheupe katikati ni sukari iliyofichwa."

Theopista akaitazama, kisha macho yakamtoroka hadi ukuta wa nyuma. Zahoro akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kwa uzalendo wake wote akajitolea kuihamishia Magomeni mali iliyokuwa nyuma ya ukuta huo kabla wakaguzi hawajafika. Mama wa watu akalia kidogo, akamwomba arudi alasiri na mkokoteni.

Alasiri akakuta magunia yameshonwa midomo. Alisukuma huku akiigawa sukari kichwani, mpaka Jangwani, ambako mgambo na mjumbe wa chama wa nyumba kumi walikuwa wakimsubiri. Kando yao alisimama Theopista, aliyekwisha kutoa taarifa kama raia mwema.

Magunia yakafunguliwa. Ndani mlikuwa na unga uliojaa fukusi, uliomharibikia Theopista tangu masika. Lakini kuficha chakula ni kuficha chakula, na sheria haikuuliza habari za fukusi.

Zahoro akamgeukia mgambo. "Afande, sukari iko nyuma ya ukuta wa duka lake."

"Umeionaje?"

Zahoro akaisukumia picha yake ndani ya koti. Mjumbe akasema kulipekua duka la mama aliyemfichua mhujumu ni kukiaibisha chama, na mgambo wakakubali.

Walipokuwa wakimfunga mikono, Theopista akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Niliwahi kuugua kifua, daktari. Picha kama yako ninayo chini ya godoro. Shelfu zako ni mbavu, na ile sukari ni moyo wa mtu. Huko jela wakikupiga picha, usisahau kubana pumzi."