Rimu Langu na Swichi ya Mkwe

Jumatatu, tarehe 3

Nina miaka sabini na mbili. Nimewapita wakuu wa shule sita, mabati ya kwanza ya shule hii, na daktari aliyenikataza chumvi. Wote hawapo. Mimi nipo, na rimu langu la lori nililolitundika mwenyewe kando ya ofisi. Nikiligonga, shule nzima inainuka. Sasa nani mkuu hapa?

Leo mama mkuu mpya kanikaribisha chai ofisini. Nikajua kuna jambo; kuku hamwagiwi mahindi bure. Anataka kengele ya umeme. Ila haamui peke yake, eti Ijumaa walimu na wanafunzi watanyoosha mikono: rimu au swichi. Mkuu anayeuliza watu! Wa zamani walifoka tu, shule ikaenda.

Kibaya zaidi, fundi umeme ni mkwe wangu. Mkwe hatukanwi. Nimemtukana moyoni.

Haya, mikono nitaipata. Waridhishe watu, watakupenda. Uongozi ni huo, mengine ni kuvaa miwani tu.

Jumanne, tarehe 4

Wanafunzi wanapenda mapumziko. Nimegonga mapema. Wakashangilia, Babu! Babu! Nikapunga mkono kama waziri. Mara mwalimu wa hesabu huyo, chaki mkononi, anauliza kama saa yangu inaumwa. Mama chai naye kachachamaa: maji hayajachemka, watoto wamejaa dirishani wanagonga vikombe. Akaniuliza, mzee, niwagawie mvuke? Wivu tu.

Jumatano, tarehe 5

Zamu ya walimu. Wanapenda kwenda nyumbani mapema, nikagonga ya kutokea mapema. Kumbe gari la shule bado! Watoto wadogo wakazagaa uwanjani, walimu wote wakabakizwa kuwachunga. Wameondoka wamechelewa kuliko siku zote. Mtihani wa hesabu nao ulikatika katikati. Utarudiwa saa ya michezo. Wanafunzi wameniita Babu tena, kwa sauti nyingine kabisa.

Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema, baba watoto, unatafuta kura au unatafuta kaburi? Gonga kwa saa kama zamani, basi. Mwanamke hajui uongozi.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata dawa. Leo sijagonga kabisa! Kila mtu amalize apendavyo. Uhuru!

Mwalimu wa hesabu akafundisha mfululizo, hakuna aliyethubutu kuinuka. Chai ikachemka, ikachemka, ikakauka. Mama mkuu akazunguka darasa hadi darasa kuwatoa watu, kisha akaja kuniuliza taratibu, mzee wetu, unaumwa? Nikamjibu naridhisha watu. Akavua miwani, akaifuta. Nadhani alikuwa anajifunza.

Ijumaa, tarehe 7

Mikono ya swichi imeota kama mahindi. Ya rimu, mmoja. Wangu. Nikainua na wa pili. Mama mkuu akasema hapana mzee wetu, mtu na mkono wake. Mama chai, niliyemtegemea, kainua wa swichi mpaka kisigino kikaacha ardhi.

Nikaanza kulifungua rimu langu niondoke nalo. Mama mkuu akanizuia. Akawaambia wote kwamba swichi haijibonyezi, na shule hii hajawahi kuiona bila mimi. Nitaibonyeza mimi, ila kwa saa ya ukutani. Wakapiga makofi, hata wa hesabu. Vumbi likaniingia machoni. Uwanja huu una vumbi sana.

Jumatatu, tarehe 10

Mkwe kanielekeza kwa heshima zote, baba, bonyeza hapa. Kidole kimoja tu, shule nzima juu! Siku zote nimesema kijana huyu ana akili.

Nimelifikiria jambo hili Jumapili nzima. Nilishindwa kwa sababu moja: niliwaridhisha kidogo mno. Kwa hiyo leo nimewapa mapumziko kabla mama chai hajawasha jiko.

Anayedhani natia chumvi amuulize yeye mwenyewe. Huyo anakuja, na mwiko.